Sura ya Tano: Moto Hufuata Hewa

Kidari cha ng'ombe cha kilo 5 au 6, kilichopakwa chumvi na pilipili manga kama tulivyoeleza katika sura iliyopita, kitakaa ndani ya jiko la moshi saa 10 hadi 14. Muda wote huo joto kwenye wavu linatakiwa libaki kati ya nyuzi 105 na 125 za Sentigredi. Kidari ni msuli wa kifua unaobeba uzito wa mnyama maisha yake yote, na umefungwa kwa kolajeni nyingi. Kolajeni hiyo huanza kugeuka jelatini nyama ikishapita nyuzi 70 kwa ndani, tena hugeuka taratibu, kwa saa nyingi. Ukiihimiza kwa moto mkali utaikausha nyama kabla haijalainika. Kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote katika kubanika kidari ni kuutunza moto wa mkaa ubaki mdogo, ule ule, tangu alfajiri hadi magharibi.

Kuwasha mkaa hakuna haja ya kufundishana. Lakini ustadi wetu mwingi wa nyama ni wa moto ulio wazi. Mchoma nyama mzuri hupima joto kwa kiganja juu ya wavu, husogeza makaa upande mmoja, huhamisha mbavu kutoka penye moto kwenda penye ubaridi, hunyunyiza maji mafuta yanaposhika. Yote hayo hufanyika kwa sababu hewa iko kila upande na haina wa kuizuia. Ukishafunga mfuniko wa jiko la moshi, mambo hayo yanakoma. Nyama huigusi, makaa huyasogezi. Kinachobaki mkononi mwako ni matundu ya hewa, na sura hii nzima inahusu matundu hayo: joto la jiko la moshi huamuliwa na kiasi cha hewa kinachoufikia mkaa, na wingi wa mkaa uliomo ndani huamua tu moto utadumu saa ngapi.

Anayepika wali kwenye jiko la mkaa analijua jambo hili hata kama hajawahi kulitamka. Maji yakikauka, hufunga kile kimlango cha chini, hupunguza makaa na kuweka mengine juu ya mfuniko ili kuupalia wali. Kimlango kikifungwa, makaa hufifia. Kikifunguliwa, hurudi kuwa mekundu. Jiko la moshi ni kanuni hiyo hiyo, ila limefungwa pande zote na limepewa muda mrefu zaidi.

Tuangalie kinachotokea ndani. Kuni zilipokuwa kwenye tanuru, maji, gesi na lami vilitoka, kikabaki kitu cheusi na chepesi ambacho karibu robo tatu yake au zaidi ni kaboni. Kaboni huungua kwa kuungana na oksijeni. Kilo 1 ya kaboni safi ikiungua yote hutumia oksijeni iliyomo katika mita za ujazo 9 hadi 10 za hewa, yaani hewa ya chumba kidogo cha stoo, na kama kiasi hicho hakiingii, kilo hiyo haiungui. Weka kilo 3 za mkaa au weka kilo 8. Ikiwa matundu yamebanwa sawasawa, joto linalotoka kwa saa moja litakaribiana sana, kwa sababu ni hewa ile ile inayoingia. Anayepunguza mkaa kwa kuogopa joto kupanda hajapunguza joto, amefupisha safari. Nusu ya usiku moto utamwishia.

Hewa nayo haiingii kwa hiari yake. Inavutwa. Gesi ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya nje, hivyo hupanda na kutokea tundu la juu, na nafasi inayoiacha hujazwa na hewa mpya kupitia matundu ya chini. Jiko likizidi kuwa la moto, mvuto huo huongezeka. Mvuto ukiongezeka, hewa zaidi hufika kwenye mkaa. Hewa ikizidi, joto hupanda tena. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa. Joto linalopanda hujiongeza lenyewe, na ukisubiri lifike nyuzi 120 ndipo uanze kufunga, utaliona likipita 140 na 150 huku umeshabana kila tundu. Kuliteremsha ni shughuli ya saa nzima au zaidi, maana chuma chenyewe kimeshashika moto na mkaa mwingi umeshawaka. Kulikamata likiwa bado linapanda ni jambo la dakika chache.

Historia ya jiko lenyewe inaanzia hapo hapo kwenye hewa. Mwaka 1952, George Stephen alikuwa akifanya kazi katika karakana ya chuma ya Weber Brothers mjini Chicago, iliyokuwa ikitengeneza, pamoja na vitu vingine, maboya ya chuma. Alichoshwa na majiko ya wazi ya uani yaliyokuwa yakipeperusha majivu na kuunguza nyama kila upepo ulipovuma. Akachukua umbo la boya, nusu ya chini akaifanya bakuli la mkaa na ya juu akaifanya mfuniko, akalitia miguu mitatu. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alipolifunika, moto ulizimika, mpaka jirani akamshauri atoboe matundu ili hewa ipite. Iwe jirani alisema hivyo au la, matundu yale yenye vifuniko vya kuzungusha ndiyo yaliyoligeuza bakuli kuwa jiko linaloweza kutawaliwa. Mwaka 1981 kampuni hiyo hiyo ilitoa jiko refu la moshi liitwalo Smokey Mountain: mkaa chini, karai la maji katikati, nyavu mbili za nyama juu yake, matundu matatu chini na moja juu. Nitalitumia kama mfano katika sura hii kwa sababu muundo wake ni rahisi na ukishauelewa unaweza kuutengeneza kwa pipa.

Tundu la juu liache wazi. Nalisema mapema kwa sababu mkono wa mtu hukimbilia huko kwanza, kwa kuwa ndilo lililo karibu na macho. Ukilibana, moshi unakwama ndani, unapoa na kuacha juu ya nyama masizi yenye uchungu unaokaa ulimini. Tawala moto kwa matundu ya chini. La juu lifungwe katika hali mbili tu: joto limeponyoka na umeshafunga yote ya chini, au umemaliza kupika na unataka kuuzima moto.

Hadi miaka ya 1990, maelekezo ya kawaida yalikuwa kuwasha mkaa wote kwanza, kungoja ushike vizuri, kisha kuubana kwa matundu. Njia hiyo inafanya kazi kwa saa chache, lakini inakuanzishia na moto mkubwa unaopaswa kuupunguza, na mkaa wote unakuwa umeanza kuliwa tangu dakika ya kwanza. Mwishoni mwa muongo huo, Jim Minion, mshindani wa mashindano ya barbekyu wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, alifanya kinyume: alijaza jiko mkaa ambao haujawashwa, kisha akamwaga juu yake makaa machache yanayowaka. Moto ulishuka na kusambaa polepole, kipande kikiwasha kipande, na joto likabaki palepale kwa saa nyingi bila kuongezwa kitu. Njia hiyo imebeba jina lake mpaka leo, na kwa maoni yangu hakuna ugunduzi mwingine uliomsaidia mpishi wa uani kuliko huu. Ametuondolea kazi ya kupambana na moto mkubwa, akatupa moto mdogo unaojilisha.

Inafanyika hivi. Katika jiko la kipenyo cha sentimita 47, jaza kizingiti, ile pete ya chuma inayoushikilia mkaa, kilo 5 hadi 6 za mkaa. Fukia humo vipande vinne au vitano vya mti mgumu mkavu, kila kimoja ukubwa wa ngumi, vingine katikati na vingine pembeni, ili moto uvifikie kwa zamu. Chimba shimo dogo katikati ya mkaa. Pembeni, washa briketi 15 hadi 20, au ujazo wa kopo la kilo moja kama ni mkaa wa kawaida, kwenye bomba la kuwashia: kopo refu la bati lililo wazi juu na chini, lenye wavu ndani, karatasi ikiwa chini na mkaa juu. Kingo zikianza kuwa na majivu ya kijivu, mimina makaa hayo shimoni. Funga jiko, acha matundu yote wazi. Kipimajoto cha kwenye wavu kikisoma nyuzi 90 hadi 95, anza kubana: matundu mawili ya chini yapunguze hadi robo, dakika kumi baadaye na la tatu. Ukifika 105 joto liwe linapanda kwa uvivu. Hapo ndipo nyama inaingia.

Mafuta ya taa yasikaribie mkaa huu kabisa, wala briketi zile zinazouzwa zikiwa zimelowekwa mafuta ya kuwashia. Kwenye jiko la kawaida harufu ya mafuta huisha mkaa ukishashika. Kwa njia ya Minion mkaa mpya unaendelea kuwaka saa baada ya saa, nyama ikiwa juu yake, hivyo harufu hiyo itaingia ndani ya chakula mpaka mwisho.

Swali la mkaa upi lina majibu mawili ya kweli. Briketi zina umbo moja, hivyo hewa hupita kati yake kwa usawa na moto husafiri kwa mwendo unaotabirika. Wamarekani wamezizoea tangu Henry Ford alipoanza kuzitengeneza miaka ya 1920 kutokana na mabaki ya mbao za viwanda vyake vya Michigan, zikauzwa hadi kwenye maduka ya magari yake. Kiwanda hicho baadaye kilichukua jina la Kingsford, kwa heshima ya Edward Kingsford aliyemsaidia Ford kupata msitu. Ubaya wa briketi ni jivu jingi, kwa kuwa huchanganywa na wanga wa kuzishikamanisha na vitu vingine. Mkaa wa magogo, huu wa gunia tunaoujua, una jivu dogo na huwaka kwa joto kali zaidi, lakini vipande vyake havilingani, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kabla ya kuumwaga jikoni, uchambue. Chenga na vumbi toa nje vyote, maana huziba njia za hewa chini na kuuzima moto katikati ya safari. Toa mawe. Gonga vipande vikubwa kimoja kwa kingine: mkaa ulioiva hutoa mlio mkavu wa kulia, na ule ambao haujaiva hutoa mlio mzito na ndani una rangi ya kahawia. Usioiva ni kuni bado. Ukiwekwa kwenye moto mdogo utatoa moshi mweupe mzito, na kidari chako kitanuka tanuru. Vikubwa sana vunja viwe ukubwa wa ngumi, panga vizito chini na vya kati juu. Kazi hii huchukua muda mfupi sana kuliko saa utakazotumia kuhangaika na joto linalopanda na kushuka bila sababu inayoonekana.

Karai la maji lililo kati ya moto na nyama hufanya kazi mbili. Kwanza linaikinga nyama isione makaa moja kwa moja. Pili, linameza joto. Kugeuza kilo 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyatoa kwenye nyuzi 20 hadi 100, kwa hiyo moto ukichachamaa kidogo, ziada hiyo inaliwa na maji kabla haijafika kwenye wavu. Hasara ni kwamba mkaa mwingi unatumika kuchemsha maji tu. Wazoefu wengi hujaza karai mchanga mkavu, wakalifunika kwa foili, wakaokoa mkaa. Mchanga hutuliza mabadiliko madogo lakini hauna lile zuio la nyuzi 100. Kwa anayeanza nashauri maji, tena yaingie yakiwa ya moto, yasije yakakaa saa nzima yakimeza joto kabla jiko halijatulia.

Sasa tuje kwenye tabia ya jiko inayowashinda watu wengi, yaani kuchelewa kwake kujibu. Ukisogeza tundu la chini kwa upana wa kidole, mkaa husikia ndani ya dakika moja au mbili, lakini chuma, maji na nyama vina uzito, na kipimajoto kitakuonyesha matokeo kamili baada ya dakika 15 hadi 20. Asiyejua hili hufunga kidogo, haoni tofauti, hufunga tena, na tena. Baadaye marekebisho yote matatu yanafika kwa pamoja, joto linaporomoka, naye anafungua kwa pupa. Mchana mzima unapita akilifukuza joto. Badilisha tundu moja, kidogo, kisha ondoka. Rudi baada ya dakika 20. Ikiwa kipimajoto kinacheza kati ya 108 na 122, hakuna cha kurekebisha. Nyama haijui tofauti ya nyuzi 10.

Kufunua mfuniko ni kosa la namna hiyo hiyo, ila lina pande mbili. Joto la juu hutoka, kipimajoto kinashuka, na mtu hushtuka. Wakati huo huo, hewa nyingi imeingia ghafla chini na makaa yamepamba. Ukifunga tena, joto litarudi na kupitiliza. Usiguse matundu kwa sababu ya kushuka huko. Linajirudisha lenyewe. Na kama huna sababu ya kufunua, usifunue. Kipimajoto chenye waya kinachopita chini ya mfuniko kitakuambia yaliyomo ndani. Kile cha duara kilichobandikwa kwenye mfuniko kisikuongoze, kwani hupima hewa ya pale juu, na pengine hutofautiana na joto la kwenye wavu kwa nyuzi 15 au zaidi.

Katikati ya safari patatokea jambo litakalokutia wasiwasi kuhusu moto, ilhali moto hauna kosa. Joto la ndani ya nyama litapanda vizuri hadi nyuzi 65 au 70, kisha litasimama. Saa moja itapita, ya pili, hata ya nne, kipimajoto hakisogei, pengine kinarudi nyuma kidogo. Watu wameongeza mkaa, wamefungua matundu yote, wameharibu kidari cha siku nzima hapa. Kwa miaka mingi maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba joto linaliwa na kolajeni inayoyeyuka. Mwanafizikia wa Marekani Greg Blonder alilipima jambo hili. Aliweka jikoni sifongo iliyolowa maji na bonge la mafuta: sifongo ilikwama kama nyama inavyokwama, bonge la mafuta likaendelea kupanda bila kusita. Kinachokwamisha ni uvukizi. Nyama inatoa jasho, na jasho likivukiza linaipoza kwa kasi ile ile ambayo jiko linaipasha. Unyevu wa juu ukiisha, joto litaanza kupanda tena lenyewe. Asiyeweza kungoja aifunge nyama kwa foili au karatasi nene isiyo na nta ili kuzuia uvukizi. Matundu yaache yalivyo. Kidari kitakuwa tayari kikifika nyuzi 93 hadi 96 na kijiti kikiingia bila kusukumwa.

Kuna kushuka kwa joto ambako ni kwa kweli, na hutofautiana na hayo. Kwenye saa ya sita au ya nane, jiko ambalo lilitulia linaanza kupungua nyuzi chache kila nusu saa, matundu yakiwa hayajaguswa. Mara nyingi mkaa bado upo. Ni jivu limefunika makaa na kuziba wavu wa chini. Pitisha chuma chembamba kwenye tundu la chini, kitikise taratibu, jivu lidondoke, ungoje dakika 20. Kama bado halipandi, hapo ndipo ufungue tundu kidogo, na mwisho kabisa ndipo uongeze mkaa, uliowashwa tayari kwenye bomba. Kwa upande mwingine, joto linalopanda taratibu ingawa umefunga karibu kila kitu linakuambia kuna mwanya: mlango haukai sawa, au mfuniko umepinda. Washa kijiti, kizime, uzungushe moshi wake kandokando ya jiko. Unapovutwa ndani, ndipo penye mwanya.

Moshi wenyewe ni kipimo kizuri kuliko vifaa vingi. Moshi mwembamba wa samawati, ambao huuoni mpaka uutazame dhidi ya kitu cheusi, unatokana na chembe ndogo sana na mti unaoungua kwa hewa ya kutosha. Ndio unaobeba ladha nzuri inayotokana na kuvunjika kwa lignini ya mti. Moshi mweupe mzito, wa kufukuta, ni dalili ya mti unaonyimwa hewa au wenye maji. Katika dakika 20 za kwanza utauona na si tatizo. Ngoja upite ndipo uweke nyama. Ukiuona saa ya tano, chunguza matundu. Wachomaji wa Texas ya kati, katika miji kama Lockhart, hawatumii mkaa kabisa. Huwasha magogo ya mwaloni kwenye kisanduku cha moto kando ya jiko na kuongeza gogo kila baada ya dakika 30 hadi 45, moto ukiwa wazi na wenye ndimi. Moshi wao ni safi kuliko wetu, lakini mtu anabaki macho usiku kucha. Mkaa unatupa usingizi kidogo, na vipande vile vinne vya mti vinatupa moshi unaotosha.

Upepo huingia kwenye hesabu hii yote bila kubisha hodi. Aliye Tanga au Mombasa msimu wa kusi atakuta tundu linaloelekea baharini linaingiza hewa maradufu. Alifunge hilo na atawale kwa yaliyo upande wa kivuli cha upepo, au akinge jiko kwa mabati mawili, yakae mbali kidogo ili yasizuie mvuto. Aliye Nairobi ana jambo jingine. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15, hivyo kila tundu huingiza oksijeni pungufu na itabidi afungue zaidi ya anavyosoma katika vitabu vilivyoandikwa pwani. Maji nayo huchemka huko kwenye nyuzi 94 hivi. Asisubiri kidari kifike 96. Aanze kukichoma kijiti kwenye 89 au 90.

Wenye kutaka kujitengenezea, pipa la chuma la lita 200 linatosha. Toboa matundu matatu ya sentimita 2 hadi 3 karibu na kitako, kila moja liwe na kifuniko cha kusogeza. Mfuniko uwe na tundu au matundu ambayo eneo lake kwa jumla si dogo kuliko la yale ya chini. Kikapu cha mkaa kikae sentimita 10 au zaidi juu ya kitako ili jivu lipate pa kudondokea, na wavu wa nyama uwe sentimita 60 hivi juu ya makaa. Pipa lililobeba dawa za kilimo, vilainishi au kemikali yoyote lisiingie katika mpango huu hata likioshwa mara ngapi. Lililobeba chakula mara nyingi lina rangi ya ndani, nayo iunguzwe yote kwa moto mkali wa kuni na kusuguliwa mpaka chuma kionekane. Usitumie mabati yenye zinki popote karibu na moto.

Na jiko hili, dogo au kubwa, lisiingie ndani ya nyumba. Mkaa unaonyimwa hewa, ambao ndio hasa tunaoutaka kwa ajili ya kidari, huungua nusu na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Familia zimepotea kwetu kwa jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku wa baridi, na nduguyo aliye Minnesota atakayelivuta jiko ndani ya gereji kwa sababu ya theluji yuko katika hatari ile ile, hata mlango wa gereji ukiwa umeachwa nusu. Makaa yaliyofunikwa na jivu, yanayoonekana kama yamekufa, bado yanatoa gesi hiyo.

Nyama ikitoka, funga matundu yote ya chini na la juu, hakikisha mfuniko umekaa sawa, uache jiko mpaka kesho yake. Moto utazimika kwa kukosa oksijeni, na mkaa ambao haukuliwa utabaki. Asubuhi ukung'ute jivu, chenga utupe, vipande vizima uvirudishe kwenye debe kavu lenye mfuniko. Mkaa huo uliokwisha kuonja moto hushika upesi kuliko mpya, kwa hiyo mara nyingine uweke ndani ya bomba la kuwashia, na mpya uukalishe chini yake kwenye kizingiti.